Bibi Fumie na Jiko la Tempura

Kila Jumamosi Bibi Fumie hukaanga tempura, vipande vya mboga na samaki vilivyochovywa kwenye uji wa unga. Mimi, mjukuu wake Sota, nikirudi kutoka shule ya bweni, hukaa karibu na sahani kulinda viazi vitamu dhidi ya wezi. Vingine hutoweka hata hivyo.

Nchi yetu hutikisika kwa matetemeko ya ardhi mara kwa mara. Ikitikisika, Bibi hufanya alivyofundishwa shuleni tangu utotoni. Hukimbilia jiko kuzima moto.

Jumamosi moja alikimbia hivyo. Mafuta ya moto yakamrukia mkononi. Alijifanya haumii, lakini mimi niliogopa. Je, kama tetemeko lingekuwa kubwa?

Nikamwita jirani yetu, Mama Kuramochi. Yeye hufundisha mtaa wetu kujikinga na maafa.

"Nyumba hii ni ya mbao," Bibi alimwambia. "Nisipozima moto, tutakuwa mkaa!"

"Zamani ulikuwa sahihi, dada. Siku hizi mita ya gesi hujifunga yenyewe tetemeko likiwa kubwa. Kinga kichwa kwanza. Ingia chini ya meza, shika mguu wake, ngoja litulie. Ndipo uzime jiko."

"Nisikimbilie nje?"

"Huko vigae vya paa vitakuangukia."

"Yaani mimi, mzee mzima, nitambae kama mtoto?"

"Utambae kama malkia, Bibi," nikasema.

"Malkia gani anatambaa, mpumbavu wewe?"

Tulifunga kabati refu ukutani kwa vyuma. Kisha nikaanza mazoezi. Bibi akitazama mieleka, napaza sauti: "Tetemeko!" Akiongea na shangazi kwenye simu: "Tetemeko!" Alinipiga kwa ndara, lakini baada ya kutambaa.

Msimu wa majani mekundu, kabla ya baridi kuanza, Bibi alikuwa akipanga bakuli mezani, hatua chache kutoka jikoni. Mafuta yalikuwa yanachemka. Ghafla sakafu ikaruka.

Bibi akalitazama jiko. Kisha akapiga magoti, akanivuta shati, tukaingia chini ya meza.

"Ni wewe tena?" akafoka.

"Si mimi, Bibi! Shika mguu wa meza!"

Sufuria ikaanguka. Mafuta yakamwagika pale pale ambapo angesimama.

Nyumba ilipotulia, moto ulikuwa umeshazimika. Bibi alivaa viatu asiungue miguu, akazungusha swichi ya jiko kulizima hata hivyo. Aliyatazama yale mafuta kwa muda mrefu.

"Kamwite Mama Kuramochi," akasema. "Ale nasi."

"Tempura?"

"Wali baridi. Gesi imejifunga, hukufundishwa?"

Tulikula tukicheka, mikono ya Bibi ikiwa mizima.