Dawa Iliyokaa Karibu na Bati

Mama aitwaye Kwangu na mumewe Makoye ni wakulima wa pamba. Wanaishi Manyamanyama, mjini Bunda. Binti yao Rebeka, wa darasa la sita, ana kisukari. Kila siku lazima achomwe sindano za insulini. Kwangu ndiye anayemchoma, na hajawahi kuacha.

Kiangazi kimoja jua lilikuwa kali sana. Rebeka alianza kunywa maji mengi na kwenda chooni kila mara. Akakonda. Kwangu alimuuliza kama anakula pipi shuleni. Mtoto alikana huku akilia, lakini mama hakumwamini.

Asubuhi moja Rebeka alitapika, akawa anahema kwa nguvu. Kwangu alichukua bomba la sindano, akataka kumwongezea dawa. Makoye alimshika mkono.

"Usikisie, Mama Rebeka. Twende hospitali."

Ndani ya bajaji Kwangu alimpakata mtoto, akisikiliza pumzi zake. Aliogopa hata kumwita, asije akakosa jibu.

Hospitali walimlaza Rebeka, wakamtundikia dripu na kumpa insulini nyingine. Alipoanza kupata nafuu, muuguzi aitwaye Consolata aliwauliza wazazi kuhusu dawa ya nyumbani. Kwangu akaapa kwamba hajaruka hata siku moja.

"Na kichupa mnakiwekaga wapi?"

"Juu ya kabati, karibu na bati. Wadogo zake wasikifikie."

Consolata aliketi kando yake. Alisema insulini hubadilika yenyewe polepole, hata ikitunzwa vizuri.

"Maharage ukiyapika kwa moto mdogo yanachelewa kuiva. Moto ukizidi, yanaiva upesi. Na mabadiliko ya ndani ya dawa ni hivyohivyo, joto linayaharakisha. Pale chini ya bati dawa iliharibika haraka. Kwa macho huwezi kujua."

"Kwa hiyo nilikuwa namchoma maji tu," Kwangu alisema.

"Ulimchoma dawa iliyoisha nguvu. Hukujua, mama."

Kwangu alienda kitandani, akamwomba binti yake msamaha kwa kumsingizia pipi.

Nyumbani hawakuwa na friji. Consolata aliwaelekeza waweke chungu kidogo ndani ya kikubwa, wajaze mchanga katikati, na kuulowesha maji kila siku. Maji yakikauka huondoka na joto. Kichupa kifungwe kwenye mfuko, kikae chungu cha ndani, na juu kifunikwe kwa kitambaa kibichi, kivulini penye upepo. Kisiwekwe kwenye barafu, maana kuganda nako huiharibu dawa. Vichupa visivyofunguliwa vitunzwe kwenye friji ya zahanati. Dozi isibadilishwe bila kumuuliza daktari.

Makoye alinunua vyungu siku waliyorudi na kichupa kipya cha insulini. Sukari ya Rebeka ikatulia.

Mwezi uliofuata Kwangu alisimama pembeni ya uwanja wa shule, akimtazama binti yake akicheza netiboli. Kila Rebeka alipoinama kupumzika, moyo wa mama ulidunda. Na kila mara Rebeka aliinuka, akakimbia tena.