Gauni la Mkono Mmoja

Jumamosi ya mwisho wa Juni, alizeti zikiwa zimeshavunwa, soko la Singida lilijaa mpaka mtu akikanyagwa anaomba radhi yeye. Upepo ulipeperusha kanga, ukarusha vumbi kwenye vitunguu, ukagonga mabati ya banda la video lililokuwa nyuma ya wauza kuku. Ndani ya banda kulikuwa na vita.

Ndiyo miezi ya filamu kubwa. Huko ng'ambo wanasema ni kiangazi cha joto, watu wamefunga shule, basi zinatolewa filamu za mashujaa wanaoruka angani. Kwetu ni miezi ya sweta na midomo kupasuka. Lakini filamu zinafika, na zikifika Singida zinapita kwanza mdomoni mwa Gasto.

Gasto alikuwa kijana wa Manyoni, mrefu, shati jeupe limepigwa pasi hata kola inakata, na kazi yake ilikuwa kusemea filamu. Alikaa kando ya skrini na maiki na chupa ya chai ya tangawizi, wazungu wakisema lao, yeye akisema lake. Shujaa wa filamu ya siku hiyo alikuwa na jina refu la kigeni. Gasto alimwita Ngurumo wa Ikungi, na watu walikubali.

Shujaa alipomkuta mwanamke juu ya paa, daraja linakatika nyuma yao, Gasto alibana koo, akatoa sauti nyembamba kama ya kifaranga:

"Jamani Ngurumo wangu! Niokoe mie, nimeacha ugali jikoni unaungua!"

Banda likapasuka kwa kicheko.

"Uongo!"

Watu wakageuka. Katikati ya mabenchi alisimama dada wa miaka ishirini na sita, sketi ndefu ya kitenge cha kijani, sweta la njano, tepu ya kupimia nguo imening'inia shingoni. Huyo ndiye Dorkas, fundi cherehani wa safu ya pili sokoni. Alikuwa ameacha sare za shule mezani kwa sababu moja tu: filamu hii ilitokana na kitabu cha katuni alichokisoma mpaka jalada likaisha.

"Dada wa sweta la njano," Gasto akasema kwenye maiki, "umekunywa nini mchana huu?"

"Chai, kama wewe. Vera halii! Kitabuni yeye ni fundi wa madaraja. Ndiye anayeshika mnyororo daraja lisianguke, kurasa tatu nzima, bila neno hata moja. Huyo Ngurumo wako anafika watu wameshavuka. Waliotengeneza filamu wamemgeuza wa kulia paani, na wewe umemwongezea ugali!"

"Kaa chini, fundi!" mtu akapiga kelele.

"Sikai. Na joho la huyo shujaa limekatwa vibaya. Mshono ule shingoni, akiruka mara mbili linamkaba."

Akatoka, kichwa juu. Gasto, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akaweka maiki chini filamu ikiendelea, akamfuata mpaka kwa wauza kuku.

"Dada, samahani. Naitwa Gasto."

"Najua. Umejitaja mara thelathini ndani ya saa moja."

"Kumbe ulikuwa unanihesabia." Akacheka. "Hicho kitabu unacho kweli?"

"Ninavyo arobaini na moja."

"Kiingereza chote unakielewa?"

"Wewe hukielewi?"

Gasto akatazama nyuma kama kuna mtu anasikiliza. "Nusu sijui wanasema nini."

"Nusu?"

"Robo tatu."

Dorkas alitaka kukaza uso. Uso ukamkatalia, akacheka mpaka tepu ikamdondoka.

Kuanzia hapo Gasto akawa haishiwi nguo za kushonwa. Leo kifungo, kesho zipu, keshokutwa suruali isiyo na kasoro yoyote ameileta ipunguzwe. Dorkas alimweleza habari za vitabu. Baba yake, marehemu Zefania, alikuwa mfanyakazi wa reli Manyoni, na abiria wa kigeni walipoacha vitabu vya katuni kwenye mabehewa, alivileta nyumbani. Baba hakujua Kiingereza. Walikaa wote wawili na kamusi, neno kwa neno, mpaka binti akampita.

Mchana, wakati wa chakula, simu ilikuwa haikosi kulia.

"Mpenzi, umekula?"

"Nani mpenzi wako? Mimi ni fundi wako."

"Fundi mpenzi, umekula?"

"Nimekula. Sasa nisikilize. Nimeangalia ile filamu mpya uliyonipa."

"Enhe, nipige."

"Mji ule ule umebomoka tena. Kila mwaka unabomoka, na sijawahi kuona mtu ameshika ufagio! Nani anawapikia watu wa mji ule? Waliofiwa wanazikia wapi? Kitabuni kuna ukurasa mzima, mzee anatafuta viatu vyake kwenye kifusi. Picha tu. Mimi nililia. Kwenye filamu, mzee huyo hayupo, wameweka gari linapinduka."

"Watu wanataka gari lipinduke, Dorkas wangu."

"Watu wanataka walichozoeshwa."

Gasto akaguna. "Ningekuwa na kichwa chako, ningekuwa mbali."

"Ungekuwa hapa hapa. Unanipenda."

"Eh! Nani kakwambia?"

"Suruali tatu umeleta wiki hii."

Mwezi wa pili tangu wajuane, siku moja, Dorkas alimwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu, hata mama yake, na mama yake si mtu wa kufichwa mambo, kwa maana anaomba na macho wazi. Miaka sita nyuma Dorkas alikuwa aolewe na kijana wa machimbo ya Sekenke. Hilo mji mzima ulilijua. Gauni alishona mwenyewe. Akakaa kitini, amesukwa, amepambwa, toka saa tatu asubuhi mpaka saa kumi jioni. Bwana harusi hakutokea, wala hakutuma mtu.

"Nikalivua," akasema kwenye simu, sauti imeshuka. "Nikalifumua, nikatengeneza vitambaa vya meza ya Bwana, kanisani. Lakini sikulimaliza, Gasto. Nimebaki na mkono mmoja wa gauni langu la harusi. Nimeuweka ndani ya kile kitabu, pale kwenye kurasa za Vera."

Gasto hakutia utani. Alisema, "Asante kwa kuniambia," na hakukata simu mpaka Dorkas alipokata yeye.

Wiki mbili baadaye, mteja wa Dorkas, Jenipher, msichana wa saluni, alikuja kupima gauni la kipaimara cha mdogo wake. Simu ilikuwa mkononi, anacheka hadi machozi.

"Fundi, umeiona hii? Gasto safari hii ameua!"

Ilikuwa ile filamu ya daraja, Gasto ameisemea upya na kuirekodi, inazunguka kwenye simu za mji mzima. Vera yuko paani. Na kutoka kwenye kinywa chake, kwa ile sauti ya kifaranga, yakatoka maneno:

"Nimebaki na mkono mmoja wa gauni langu la harusi!"

Nyuma yake watu wa banda wanasikika wanakufa kwa kicheko.

Dorkas alimaliza kumpima Jenipher. Kiuno, kifua, urefu. Akaandika kwenye daftari. Jenipher alipoondoka, akapiga simu.

"Mpenzi! Nilitaka..."

"Umeniuza kwa kicheko."

"Dorkas, ngoja. Ulisema Vera hana maneno yake mwenyewe. Nikatafuta maneno mazuri kuliko yote niliyowahi kusikia maishani, nikampa. Nilidhani watalia. Wallahi, mimi nilikuwa karibu kulia."

"Kwa sauti ile?"

Gasto akaanza neno, Dorkas akamkatiza.

"Kila mwanamke ukimsemea unambana koo. Mama, mtoto, malkia, wote vifaranga. Maneno yangu ulitaka yapite hapo, halafu watu walie? Na nani alikwambia nimekupa uyagawe?"

"Sikukutaja jina..."

"Usinipigie."

Gasto hakumpigia. Alituma ujumbe mara tisa. Dorkas hakuujibu hata mmoja.

Mji mdogo haukawii. Jenipher alikumbuka harusi ya miaka sita iliyopita, akaunganisha, akawasimulia wenzake wa saluni. Jumatatu mwanamke mmoja alipita mbele ya cherehani akasema kwa sauti ya kusikika, "Fundi, na mimi nishonee la mkono mmoja!" Jumanne wakawa watatu. Jumatano Dorkas alifunga mapema, akarudi nyumbani Mwankoko, akamkuta mama yake, Theresia, anachambua mboga uani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wanakucheka?"

"Umejuaje?"

"Nilikiona kitambaa cha meza ya Bwana tangu siku ya kwanza. Najua lesi niliyokununulia." Mama aliendelea na mboga. "Nikajua pia kuna mkono haukufika kanisani. Nikanyamaza, nikamwachia Mungu na wewe. Sasa utafanyaje? Utajificha?"

Dorkas akakaa kwenye kigoda.

"Hapana," akasema. "Nitashona."

Jumamosi saa nane mchana banda lilijaa. Watu walikuwa wameomba filamu ile ile, wanataka kusikia kile kipande. Gasto alikuwa amekonda, hata kola haikupigwa pasi. Walipofika paani, Vera akafungua mdomo, na watu wote wakaanza kucheka kabla.

Gasto akainamia mashine ya video. Alibonyeza, picha ikasimama.

"Wee Gasto! Endelea!"

"Siendelei," akasema, sauti yake ya kawaida, imekwaruza. "Maneno niliyoweka hapa si yangu. Niliyachukua kwa mwenyewe bila kumwomba, nikayaharibu. Sitayasema tena. Anayetaka kucheka akacheke nyumbani kwake."

Watu wakazomea. Turubai la mlangoni likafunguka, mwanga ukaingia, na ndani ya mwanga akaingia Dorkas.

Alivaa gauni jipya jekundu lililokolea, limemkaa sawasawa, refu mpaka kifundo cha mguu. Mkono wa kulia mwekundu. Mkono wa kushoto ulikuwa lesi nyeupe, ya zamani kidogo, imefuliwa, imenyooshwa, vifungo vidogo vitano toka kiwiko mpaka kifundo cha mkono.

"Nani alikuwa anataka gauni la mkono mmoja?" akauliza. "Nimelileta mwone. Mkono wenyewe ndio huu. Nilimsubiri mwanaume toka saa tatu mpaka saa kumi, hakuja. Nimesema mwenyewe, kwa sauti yangu. Haya, chekeni!"

Jenipher alikuwa benchi la mbele. Aliinamisha kichwa. Hakuna aliyecheka.

Dorkas akapita katikati ya mabenchi, akanyoosha mkono wa lesi. "Nipe maiki. Rudisha nyuma, pale daraja linapoanza kukatika."

Gasto akampa. Picha ikaanza kutembea. Vera wa kwenye filamu alilia na kupunga mikono kama alivyoambiwa na waliomtengeneza. Lakini sauti iliyotoka kwenye spika ilikuwa ya mwanamke mzima, haijabanwa popote:

"Wanaonyesha nalia. Msiwaamini. Kamera iko upande ule, mimi mnyororo nimeushika upande huu. Piteni! Mama mwenye mtoto, pita. Mzee, viatu viache, pita. Mikono inauma, lakini ni yangu. Na wewe unayeruka angani, shuka usaidie kuvusha watu, joho lako litakukaba bure."

Mtu mmoja alicheka, kile kicheko kizuri. Halafu mama mmoja muuza kuku, aliyekuwa amesimama mlangoni, akapiga kigelegele. Banda likapokea.

Gasto akasogea, machozi yamemjaa. Akainamia maiki iliyokuwa mkononi mwa Dorkas. "Dorkas, mbele ya watu wote hawa, utakubali..."

Dorkas akaziba maiki kwa kiganja.

"Hapa hapana. Mambo yangu yametangazwa vya kutosha. Ukiwa na neno, mama yangu yuko Mwankoko. Leta mshenga, ukae kimya kama watu."

"Umenisamehe?"

"Nimekuelekeza nyumbani. Unataka nini tena?"

Alikuja Jumapili ya tatu, baada ya ibada, na mshenga wake mzee Yeremia, mjomba wake wa Manyoni. Wakasalimia, shikamoo zikaenda, marahaba zikarudi, Bwana asifiwe ikafuata. Upande wa bibi harusi walikaa mama Theresia na mjomba mzee Mughwai, aliyeshika fimbo na kupenda taratibu. Na taratibu ni kwamba mshenga anasema, muoaji hafungui mdomo. Gasto, aliyewahi kusemea jeshi zima peke yake, akakaa amebana mikono kati ya magoti.

"Kijana wetu," mzee Yeremia akaanza kwa fahari, "ni mtu wa elimu. Pale mjini ni mwalimu wa Kiingereza."

Gasto akashtuka. Akafungua mdomo, mzee Mughwai akamkazia macho, akaufunga. Nyuma ya pazia kitu kilisikika, kama mtu anaziba kicheko kwa kanga.

"Mwalimu wa Kiingereza?" mama Theresia akauliza polepole.

"Anawafundisha mamia, kila Jumamosi!"

Gasto alitoka jasho na upepo wote ule. Maisha yake yote alikuwa akiwawekea watu maneno mdomoni. Leo alijua kusemewa kulivyo.

Dorkas akaitwa. Akatoka amevaa kitenge cha bluu, akapiga magoti, akasalimia, akatazama chini.

"Binti," mzee Mughwai akasema, "umesikia habari ya wageni. Unasemaje?"

Mzee akahesabu pumzi mbili. Akagonga fimbo chini. "Amenyamaza. Amekubali. Tuendelee."

"Mjomba, samahani," Dorkas akainua uso. "Sijanyamaza. Nilikuwa namalizia kucheka. Kwanza, huyu Kiingereza hajui. Robo tatu hajui. Nitamfundisha mimi."

Mama Theresia akaziba mdomo. Mzee Yeremia akamgeukia Gasto, na Gasto akatikisa kichwa kwa furaha kubwa: hajui, hajui kabisa.

"Pili, nasema mwenyewe ili isije ikasemwa kwamba nilisemewa. Namtaka. Siku ya ndoa mimi ndiye nitakayetangulia kanisani, saa nne kamili. Sikai kitini kumsubiri mtu. Asipokuwepo, naimba na kwaya, nasali, narudi kwenye cherehani yangu."

"Saa tatu nitakuwa mlangoni!" Gasto akapasuka, taratibu zote zikamtoka.

Mzee Mughwai akataka kugomba. Mama Theresia akamgusa bega, akamtazama binti yake kwa muda mrefu. Alikuwa hajamwona amenyoosha shingo namna ile tangu Zefania yuko hai na kamusi iko katikati yao.

"Na gauni, mwanangu? Tununue lesi?"

"Kidogo tu, mama," Dorkas akasema. "Mkono mmoja ninao."