Sarafu Tatu za Mzee Liang

Mwizi aliacha saa ya mkono, redio na bahasha ya faranga. Kutoka kwenye droo alichukua sarafu tatu tu za shaba, kuukuu, kila moja na tundu la mraba katikati.

Inspekta Umurerwa alichunguza kufuli. Halikuvunjwa.

"Zina kazi gani, Mzee?"

Mzee Liang, fundi wa tanuri katika kiwanda cha saruji cha Bugarama, alikuwa amejifunza Kiswahili karakanani. "Nikiwa na shaka ya jambo, narusha zote tatu mara sita. Kila mara nachora mustari, muzima ao wa kukatika. Halafu kitabu cha kwetu kinanionyesha njia."

Kitabu kilikuwepo mezani, maandishi yote ya Kichina.

Msimamizi wa nyumba alikuwa ameshamfungia mlinzi Kabera ndani ya stoo kwa kumshuku, na mdomo wa Kabera ulikuwa umevimba.

"Afande, sarafu yenye tundu nitapeleka duka gani?" aliuliza mlinzi, Umurerwa alipofika mlangoni pa stoo.

Umurerwa aliona mlinzi ana hoja. Alirudi mezani, akainamisha daftari la Mzee kwenye mwanga wa dirisha. Ukurasa wa juu ulikuwa mtupu, lakini ulikuwa na mikwaruzo ya kalamu iliyoandika kwenye ukurasa uliochanwa juu yake. Alipopitisha penseli juu yake taratibu, ikajitokeza mistari sita yenye namba, na jina: Tumukunde.

"Mwandiko wako?"

"Hapana. Na namba zinaanza juu. Mimi naanza chini."

"Basi huyu alikuona ukichora, lakini hukumfundisha. Nani anaingia humu?"

"Maman Mukagatare. Anafua na kufagia."

"Aliwahi kukuuliza juu ya sarafu?"

Mzee alitazama viganja vyake. "Mara moja. Aliomba nirushe kwa ajili ya mutoto wake. Nilikataa."

"Kwa nini?"

"Niliogopa jibu."

Mukagatare alikuwa uani, akianika mashuka. Umurerwa, mzaliwa wa Uvira upande wa pili wa mpaka, hakupaza sauti.

"Maman, Tumukunde ni nani?"

Shuka likaanguka kwenye vumbi.

"Ni binti yangu," alisema mwanamke yule. "Tulikimbia kutoka Kamanyola mwaka wa tisini na sita. Bantu bengi, masasi inalia. Nilimushika mukono. Kufika huku ng'ambo ya mto, naangalia, kumbe nimeshika mukono wa mutoto wa mwingine."

"Sarafu ziko wapi?"

Alifungua fundo la kitenge chake. Zote tatu zilikuwamo, zimelowa jasho. "Mzee anarudi kwao siku ya posho. Nilirusha kila siku nikifagia kwake, mistari inatoka, lakini sijui inasema nini. Ni mimi niliiba. Kabera hana kosa."

"Uliandikisha jina la mtoto kwa wale wanaotafuta batoto waliopotea?"

"Hapana, afande. Karatasi ya ofisi ikisema alikufa, imekwisha. Sarafu naweza kuuliza tena kesho."

Umurerwa aliamuru Kabera afunguliwe mara moja. Mukagatare alimpigia magoti, lakini mlinzi akapita bila kumtazama. Mzee Liang alitoka uani, akaondoa mashtaka, akatia sarafu mfukoni.

"Sitarusha," alimwambia mama. "Kwa jambo hili kuna bantu ba kuulizwa. Ungewauliza zamani kama ningekushauri, badala ya kukukatalia tu."

Umurerwa akafungua ukurasa mpya. "Alikuwa na miaka mingapi?"

"Mitano."

"Alama?"

"Kovu chini ya kidevu."

Aliandika mpaka jua likahamia ukuta wa pili, kisha akaipeleka karatasi ile mwenyewe Bukavu, kwa wanaotafuta watoto waliopotea.

Mwezi wa pili tangu hapo, simu ikalia kituoni. Umurerwa alisikiliza, akauliza swali moja mara mbili, akavaa kofia na kutoka. Mukagatare alipomwona getini alikaa chini, hapo hapo kwenye changarawe.

"Simama, Maman. Yuko kwa masista, anasoma darasa la tatu. Kovu wameliona, na jina lako amelitaja mwenyewe. Tunaenda kesho."

Mukagatare alilia, akacheka, akajifuta kwa kanga. Halafu akashtuka.

"Afande, mutoto wa miaka kumi anavaa viatu namba gani?"

Umurerwa hakujua. Wakaondoka pamoja kwenda sokoni kuuliza.