Dirisha Lisilosogea

Kila siku baada ya masomo, Keza Ninahazwe alifagia chumba cha kompyuta cha shule yao pale Luberizi. Alianza na vumbi la barabara kuu ya Bukavu, lililoingia hata mlango ukiwa umefungwa, kisha akapangusa skrini sita kwa kitambaa kikavu. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Kazi hiyo hakuna aliyempa. Aliichukua mwenyewe, kwa sababu aliyefagia ndiye aliyeruhusiwa kuwasha kompyuta kabla ya wenzake, na Keza alikuwa bado anastaajabu kila ule mwanga ulipotokea katika kioo kilichokuwa cheusi.

Muhula ule Mwalimu Josée aliwapa kazi ya kweli. Ng'ambo ya barabara, kwenye kituo cha afya, akina mama walioleta watoto kupimwa uzito walikuwa wakisukumana mlangoni, maana hakuna aliyejua ni zamu ya nani. Muuguzi, Mama Generose, alikuwa na kompyuta moja ya zamani yenye skrini ndogo, iliyoweza kuonekana kutoka benchi la mbele. Wanafunzi wangemtengenezea programu ya kuonyesha namba ya zamu. Programu ya kwanza kukamilika na kufanya kazi vizuri ndiyo ingepelekwa.

Keza alitengeneza dirisha dogo la duara, la rangi ya kijani, lenye namba moja kubwa katikati. Aliliondolea fremu yote: ule ukanda wa juu wenye jina, pamoja na alama ndogo ya kufungia, ili mtu asilifunge kwa bahati mbaya. Tena akaliamuru likae juu ya kila kitu kwenye skrini, lisifunikwe na chochote. Irambona, mvulana wa darasa lake ambaye naye alikaribia kumaliza, alilitazama kwa muda mrefu, kisha akasema ni sahani ya sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, iliyobandikwa kwenye kioo. Lakini hakuondoka mbele yake.

Mwalimu Josée aliuliza jambo moja tu: je, Keza amelijaribu juu ya fomu ya kituo, ile ambayo Mama Generose huandikia uzito wa watoto? Nakala ya fomu ilikuwa kwenye kompyuta ya mwalimu, na kuipata kungemlazimu kungoja hadi kesho. Irambona alikuwa amebakiza mistari michache. Keza akajibu kwamba ndiyo, amelijaribu.

Programu ya Keza iliwekwa kituoni Jumatano. Ijumaa, siku ya kupima uzito, Keza na Irambona walipitia huko baada ya masomo ili waone zamu zinavyokwenda. Benchi lilikuwa limetulia. Hakuna aliyesukumana. Keza alijiona mkubwa, hadi alipoona kiganja cha Mama Generose.

Kilikuwa kimejaa namba za kalamu ya wino. Lile duara la kijani lilikuwa limekaa juu kulia kwenye skrini, mahali hasa pa kuandika uzito, na halikuondoka hapo. Kwa hiyo tangu asubuhi muuguzi alikuwa akiandika kilo mkononi, akitumaini kuzihamisha baadaye. Jasho lilikuwa limefuta nusu yake. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba mtoto mmoja mwenye malaria nusura apewe dawa kwa uzito wa mtoto mwingine; bahati nzuri alishtuka, akampima upya.

"Weye Keza, hii kitu yako iko muzuri," alisema. "Lakini imefunika kilo za watoto, na minye sijui kuisogeza. Labda niligusa fasi mubaya."

Akaongeza kwamba ikibaki hivyo ataomba iondolewe leo hii. Afadhali watu warudi kusukumana kuliko mtoto kupewa dawa isiyo kipimo chake.

Mama Generose alikuwa amejitwika kosa mwenyewe. Keza angetikisa kichwa tu kukubali, kosa lingebaki kwa mtu mzima asiyejua kompyuta, na hakuna ambaye angeuliza zaidi. Kwenye benchi mtoto alikohoa. Keza akatazama tena kile kiganja.

"Hukugusa kitu, Mama," alisema. "Halisogei kwa sababu niliondoa ukanda ambao watu hushika. Na nilimdanganya Mwalimu. Nilimwambia nimelijaribu juu ya fomu yako. Sikulijaribu."

Mama Generose hakumkaripia. Aliuliza kama iko namna ya kulisogeza. Keza alijibu kwamba hajui, ila anafikiri ipo.

"Basi nenda utafute. Niko na watoto kumi na saba kwenye benchi."

Kumweleza Mwalimu Josée kulikuwa kugumu zaidi. Keza alisema yote akiwa amesimama mlangoni. Mwalimu alivuta kiti, akamwonyesha akae. Alisema hatamfanyia kazi hiyo, lakini atamweleza njia. Irambona naye alijiketisha pembeni; alidai anataka kuona sombe ikitembea.

Kompyuta, alieleza mwalimu, hujua mambo matatu kuhusu kipanya: kimebonyezwa, kinasogezwa, kimeachiwa. Pia hujua mahali pa kila kitu kwa namba mbili, yaani umbali kutoka ukingo wa kushoto wa skrini na umbali kutoka juu. Hata dirisha la duara hulipima kwa kona ya juu kushoto ya mraba usioonekana unaolizunguka. Dirisha lisilo na fremu halina mahali pa kushikwa, kwa hiyo lazima lifundishwe kushikika mwili mzima.

Keza aliandika: kipanya kikibonyezwa juu ya dirisha na kusogezwa, kona ya dirisha ihamie kilipo kishale cha kipanya. Akajaribu. Alibonyeza katikati ya duara, akavuta kidogo, na dirisha likaruka kama chura. Kona yake ikadaka kishale, na namba ikatupwa pembeni. Alijaribu mara nne. Mara zote liliruka. Irambona alicheka mwanzoni, kisha akaacha, akainama naye kutazama.

Hapo barabarani kelele zikakatika. Pikipiki zilizima injini. Keza na wenzake walitoka nje, wakaona kipoyi kikishuka kutoka njia ya milimani: machela ya mianzi, mgonjwa akiwa amefunikwa kitenge, wabebaji wanne chini ya miti yake. Walikuwa wametembea tangu alfajiri. Watu waliokuwa njiani walivua kofia.

Huku kwao, anayekutana na kipoyi hukipokea. Mwuza mchele mmoja aliweka gunia lake chini bila kuulizwa, akatembea sambamba na mbebaji aliyechoka, akaingiza bega palepale alipoufikia mti. Hakukimbilia ncha yake. Hakuuvuta mti uje kwake. Mbebaji wa kwanza akatoka, na kipoyi hakikutikisika hata kidogo. Hatua hazikusimama, kitenge hakikucheza. Keza alikuwa ameona vipoyi tangu utoto wake, lakini leo alitazama kwa makini zaidi. Bega la yule mtu lilikuwa hatua moja kutoka kichwa cha mgonjwa, na liliendelea kuwa hatua moja, mpaka mlangoni pa kituo.

Alirudi ndani mbio.

"Mwalimu, mimi naivuta kona ije mkononi," alisema. "Niiache kona palepale ilipo, nishike tu umbali kati yake na kishale."

Mwalimu Josée alimpa karatasi. Keza akaandika: kishale kiko nukta mia nne za skrini kutoka kushoto, kona iko mia tatu na arobaini. Tofauti ni sitini. Hiyo sitini ihifadhiwe mara tu kipanya kinapobonyezwa. Kishale kikienda mia tano, kona iende mia tano kasoro sitini. Hesabu ya kutoka juu iwe hivyohivyo. Kipanya kikiachiwa, dirisha libaki hapo.

Alibonyeza, akavuta. Duara la kijani likateleza kimya kufuata mkono wake, kushoto, chini, kuzunguka, bila kuruka. Mistari michache tu ya maneno, na kitu kisicho na uzito kilikuwa kimejifunza kubebwa. Irambona alinong'ona kwamba na yeye anataka kukishika.

Mwalimu Josée alifungua nakala ya fomu. Keza alijaribu juu yake mara kumi, kisha akachukua flashi, wakavuka barabara wote watatu.

"Umeijaribu?" aliuliza Mama Generose.

"Kwenye kompyuta ya darasani, juu ya fomu, ndiyo. Kwenye hii yako bado."

Wakaijaribu pamoja. Mama Generose alishika kipanya kwa woga, akabonyeza juu ya namba, akavuta. Dirisha lilihama, na chini yake pakatokea nafasi ya uzito, nyeupe, ikingoja. Akina mama wa benchi la mbele waliinuka nusu. Bibi mmoja aliyempakata mjukuu wake aliuliza polepole, "Ni nani anayelibeba?"

Mama Generose alikwenda kunawa mkono wake kwa sabuni hadi namba zote zikatoka. Aliporudi alimpokea mama wa zamu na mtoto wake kwenye mizani, kisha akamketisha Keza kando yake.

"Sikia, binti yangu. Minye siwezi kuona ndani ya mashine. Mama huyu naye hawezi kuona ndani ya dawa ninayompa mtoto wake. Yeye anashika neno langu, na minye nashika neno lako. Kukosea, kila fundi anakosea. Lakini ukisema umejaribu na hukujaribu, unatuondolea sisi sote mahali pa kushika. Leo ulisema kweli kabla ya kujua kama utaweza kutengeneza. Ndiyo maana nimekubali irudi kwenye meza yangu."

Kisha akambonyeza mtoto wa yule mama shavu, akaandika kilo nane na nusu mahali pake, na kumwambia Keza aite zamu inayofuata.