Kompyuta Si Fahali wa Kujaribiwa

Mzee Mwandu wa Kabungu hakununua fahali kwa maneno matupu. Muuzaji alimleta fahali nyumbani. Fahali akalala zizini, akala, akanywa, tabia yake ikaonekana. Asubuhi watu wakaelewana bei. Na muuzaji mwenyewe awe mtu wa kufahamiana, mkwe au shemeji ikiwezekana. Ng'ombe wake walinawiri, na nani angemfundisha kununua?

Basi zahanati ya kijiji ikapata fungu la kununua kompyuta za kutunza taarifa za wagonjwa. Mwandu alikuwa mwenyekiti wa kamati ya zahanati. Akampigia simu shemeji yake Doto, mwenye duka la kompyuta Mpanda mjini.

"Shemeji, hiyo kazi ni yako. Zilete kwanza tuzione."

Doto akazileta. Zikawekwa mezani, zikawashwa, zikapendeza. Mariana, mke wa Mwandu na dada wa Doto, alifurahi mpaka akachinja kuku.

Wiki hiyohiyo akafika Jeannine, mtaalamu wa kompyuta wa halmashauri. Alikuja kuangalia umeme wa jua wa zahanati. Akaziona kompyuta.

"Shikamoo mzee. Hizi za nani?"

"Marahaba mama. Za Doto, shemeji yangu. Tunazijaribu, tukiridhika tunachukua."

Jeannine hakucheka wala hakugomba. Alivuta kiti akakaa.

"Mzee, ng'ombe ni mali yako. Ukikosea, unalia wewe. Hizi ni fedha za umma. Zikinunuliwa vibaya, atalia mama aliyetoka mbali na mtoto anayeumwa, kumbe taarifa zake zimepotea."

"Sasa nyie mnanunuaje?"

"Tunaanza na kazi, siyo na mtu. Zahanati inasema inataka kompyuta za kufanya kazi gani. Sisi wataalamu tunaandika sifa zake: uwezo, betri, dhamana ya kubadilishiwa ikiharibika. Hatutaji jina la kampuni, maana hapo tungekuwa tumeshamchagua mtu. Halafu zabuni inatangazwa kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi. Kila muuzaji aliyejisajili anaiona. Doto naye anaruhusiwa."

"Na mimi?"

"Wewe unasema wazi kwamba ni shemeji yako. Kisha unakaa pembeni."

Mwandu alikunja uso. "Nimeshatoa neno, mama. Ahadi ni deni. Nitamtazamaje?"

"Neno hilo halikuwa lako peke yako, mzee. Zahanati ni ya kijiji kizima."

Mwandu akachukua simu, akamwambia Doto aje azichukue.

Doto alikuja kuchukua kompyuta zake. Chai aliikataa. Mariana naye alimpa mumewe chakula bila kumsemesha, na hilo lilimuuma Mwandu kuliko yote. Angeweza kubishana na halmashauri. Na ukimya wa Mariana, angebishana nao vipi?

Hata hivyo, kamati ilipokutana, alisimama.

"Jamani, Doto ni shemeji yangu. Nilimwahidi kazi hii, nikakosea. Mkiizungumzia, mimi natoka."

Akatoka kweli, mwenyekiti mzima, akakaa kwenye benchi na wagonjwa.

Zabuni ikatangazwa. Doto aliomba, akakosa. Kompyuta zake zilikuwa na uwezo mdogo na hazikuwa na dhamana. Kazi ikaenda kwa kikundi cha kina mama wa Kawajense, kiongozi wao Nyanzala.

Mzigo ulipofika, wakaguzi waliwasha kompyuta moja moja. Moja ikawa inazimika yenyewe.

"Hii hatuipokei," akasema Jeannine.

Mwandu akajiandaa kusikia ugomvi. Nyanzala akaifungasha tu, na baadaye akaleta nyingine nzima.

"Kumbe inarudi!" Mwandu alishangaa. "Fahali akifia zizini kwangu, ndiyo basi tena, nyama ni yangu."

Siku hizi muuguzi Thacienne akiulizwa habari za mtoto aliyechanjwa zamani, anabonyeza mara mbili tatu, anajibu. Mama hasubiri mpaka jua limpige.

Jioni moja Doto akaja. Mariana alisimama mlangoni, akimtazama mumewe kwa wasiwasi.

"Shemeji," Doto alisema, "nimepata kazi. Shule moja kule Ilembo."

"Nani unamjua huko?"

"Simjui hata mmoja. Nilitafuta kompyuta zenye uwezo, nikaweka dhamana, nikaomba kama wengine. Wakanichagua."

Mwandu alicheka kwa furaha, mzigo wote ukamtoka moyoni. "Kizuri chajiuza, shemeji! Ile ya kwetu hata ungeipata, watu wangesema nimekubeba."

"Wangesema," Doto akakubali. "Na wangesema kweli."

Mariana akaleta maji ya kunawa, akaanza na mumewe. Kisha akaweka ugali katikati yao. Mwandu akamsogezea Doto kitoweo.

"Kula, shemeji. Ushemeji wetu mahali pake ni hapa."