Kijani cha Chumbani

"Jumatatu ulirudi na kijani cha parachichi. Jana cha jani la mgomba. Hiyo ni shule gani, mume wangu?"

Alikuwa ananawa kwenye beseni, mgongo kanipa.

"Kijani ni kijani, mke wangu. Sasa unanikagua hadi kwenye kucha?"

"Ulisema shule nzima inapakwa rangi moja."

"Jua linaibadilisha."

Yeye fundi rangi, mimi fundi cherehani mwaka wa kumi na mbili huu. Kwangu kijani ni ukoo mzima, una mashangazi na wajomba. Mtu anidanganye kwa yote, si kwa rangi. Siku ya tatu ikaja kijani cha chupa. Alhamisi suruali yake ilikuwa na kijani cha ajabu, kama njegere zilizomwagiwa maziwa. Nikapekua nyuzi zangu zote, haupo uzi wa kufanana nacho.

Nikamtumia ujumbe: "Leo unapaka kijani gani?"

Akajibu: "Cha shule."

Suruali nikaificha, sikuifua.

Jumamosi akaingia mteja kwenye chumba changu cha mbele, dada mmoja mpole, mkononi kashika kipande cha boksi kilichopakwa rangi.

"Dada, nataka mapazia ya chumbani yaendane na hii. Dukani haipo, mchumba wangu kaichanganya mwenyewe. Nimemsumbua jamani, kila siku anapaka kipande ukutani, mimi nakataa. Cha parachichi kilinitia njaa. Cha mgomba nikamwambia nitalala kama nyani. Cha chupa ndiyo kabisa, kama baa."

Nikaleta suruali, nikaweka boksi juu ya doa. Huwezi kuona boksi linaishia wapi.

"Mpigie mchumba wako," nikamwambia. "Nahitaji vipimo."

Akaweka sauti ya juu.

"Mpenzi, fundi umempata?"

"Ninaye hapa, ongea naye."

"Mume wangu," nikasema, "dirisha la chumbani kwenu lina upana gani?"

Simu ikakatwa.

Yule dada akakaa chini, kwenye vipande vya vitambaa.

"Aliniambia mkewe alifariki. Miaka mitatu sasa."

"Nawe ukampa pole?"

"Nililia naye, dada."

Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Iliniuma mno kwamba mwenzangu kanizika na mimi bado nampigia pasi mashati. Tukalia sote wawili, kisha akaondoka bila boksi lake.

Jioni nikasikia mlango unagongwa.

"Mke wangu, fungua tuyamalize."

"Nguo zako ziko hapo nje, kwenye mfuko."

"Yule ni mteja tu, nakuapia."

"Mteja uliyemwambia nimekufa?"

Akagonga tena, taratibu.

"Nisamehe basi. Nifungulie."

"Marehemu hafungui mlango."