Laini ya Nne

"Laini tatu za simu hizi hapa. Ya nne iko wapi?" mwenye ghala aliuliza.

Devota aliangaza macho akitafuta pa kutokea. Kamba ya katani ilimla mikono aliyofungwa kwa nyuma. Ghala la alizeti la Mlali lilikuwa na mlango mmoja tu, wa chuma, na mlinzi, Joel, aliuziba kwa mgongo wake, bastola ya Glock mkononi. Dirisha hakuna.

Nje lori la Scania lilinguruma likisubiri amri. Chini ya magunia ya alizeti kulikuwa na baruti waliyoleta magaidi wa kigeni, ya kulipua mahafali ya chuo kwenye ukumbi wa Chimwaga kesho asubuhi. Miongoni mwa watakaovaa majoho alikuwamo Erica, mdogo wake Devota.

Jasusi au si jasusi, aliogopa.

Yotham, mwenye ghala na kibaraka wa wageni hao, alichana pindo la koti la Devota. Laini ikadondoka.

"Tatu kwenye pochi, moja kwenye nguo. Msafiri gani huyu?"

"Kila mji na mtandao wake, mzee. Hiyo tu nakuomba usiiwashe."

Mwambie mtu asichungulie, uone shingo inavyorefuka. Simu ya Devota walishaiponda kwa nondo, basi Yotham akaichomeka laini kwenye Tecno yake asome siri zake.

Ikaita papo hapo. Kwenye kioo: MAMA.

"Usipopokea atakwenda polisi," Devota alisema.

Yotham alisita. "Nitamwambia unaoga. Ukikohoa, Joel anamaliza kazi."

Akapokea.

"Mbukwa, mwanangu," sauti ya kikongwe ilisema.

Salamu ya Kigogo, lugha aliyonyonya nayo. Mgongo wa Yotham ukanyooka wenyewe. "Mbukwa, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mvua mmepata huko?"

"Kidogo, mama. Devota anao—"

"Na ng'ombe? Majani yapo? Wazee wazima?"

Laini ile haikuwahi kuwashwa. Makao makuu ya majasusi wenzake walijua kwamba siku itakapowaka, Devota ametekwa, na atakayepokea ni adui. Walichohitaji ni adui huyo aendelee kuongea mpaka waipate ilipo. Na katika Ugogo, salamu ya mkubwa haikatwi.

"Bosi, lori," Joel alinong'ona.

Yotham alimwonyesha kiganja: subiri. Walikuwa wamefika kwenye mbuzi.

Devota alihesabu pumzi zake na kuomba mbuzi wawe wengi.

Mlango ukang'oka na kumwangusha Joel kifudifudi. Bastola iliteleza mpaka chini ya magunia. Askari wakajaa.

"Lori tumelidhibiti," redio ilikoroma. "Baruti yote imo."

"Nimekupata," askari mmoja alijibu.

Nyuma ya askari aliingia Zipora, jasusi mwenzake Devota, binti wa jinzi na raba, simu bado sikioni. Alimtazama Yotham aliyepigwa pingu.

"Shikamoo, mzee," alisema kwa sauti ileile ya kikongwe.

"Marahaba," Yotham akaitika kabla hajajizuia.

Devota, kamba zimekatwa, alichomoa laini yake kwenye Tecno na kuitia mfukoni. Akaazima simu ya Zipora, akatoka akikung'uta makapi ya alizeti.

"Erica? Kesho niwekee kiti cha mbele."